King'amuzi cha USB kwenye kompyuta ya nyumbani: picha safi, lakini sauti ilinichukua wiki mbili

King'amuzi hiki nilikinunua katika duka moja la vifaa vya umeme hapo Darajani kwa shilingi 65,000, nikiwa na haja moja tu: kutazama matangazo ya moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani iliyopo sebuleni kwetu Kikwajuni, bila ya kulazimika kununua televisheni nyingine. Ni kidude kisichozidi ukubwa wa kibiriti, chenye plagi ya USB upande mmoja na tundu la kebo ya antena upande wa pili. Kabla ya kulipa nilihakikisha kwamba kinapokea DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena, kwa kuwa ndio unaotumika Tanzania, na vile vya zamani vyenye DVB-T peke yake haviusomi. Antena ya nje tulikuwa nayo tayari. Stesheni zilipatikana kwa dakika chache, na picha ikatoka safi kuliko nilivyotarajia.

Taabu ilikuwa sauti. Kila baada ya sekunde kumi au kumi na tano ilikatika kwa mkwaruzo mfupi mkavu, kama msumari uliodondoka juu ya kigae. Katika taarifa ya habari mtu anaweza kuvumilia, lakini katika taarabu haiwezekani, kwa sababu ganuni ikishapigwa waya huachwa ulie mpaka ufifie wenyewe, na sikio huufuata mlio ule hadi unapokwisha. Mkwaruzo ukiingia hapo katikati, ladha yote imeondoka. Siku ya tatu mama aliniomba niizime.

Muuzaji aliniambia kuwa ni antena, na kijitabu kilichomo ndani ya boksi kinasema vivyo hivyo: sauti ikikatika, sogeza antena. Nilibadilisha kebo, nikapanda juu ya paa mara mbili, na hali haikubadilika hata kidogo. Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu, aliyekaa mbele ya kioo kwa muda kisha akauliza, "Ami, mbona picha haigandi? Inakata sauti tu."

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo lote, na nasikitika kwamba kijitabu hakikugusia. Zamani za analojia ishara ikidhoofika ulipata chenga kwenye kioo na mvumo kwenye spika, lakini sauti iliendelea kusikika. Kwa dijitali, picha na sauti husafiri katika mkondo mmoja wa data, na ishara mbovu kwa kawaida huziathiri zote mbili: picha hugawika vipande vya mraba au huganda, na sauti hukatika papo hapo. Picha ikibaki nzima huku sauti peke yake ikikwaruza, acha kupanda juu ya paa. Tafuta ndani ya kompyuta.

Ndani ya kompyuta sauti husubiri kwenye akiba ndogo kabla ya kufika kwenye spika. Ikiwa draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kifaa kingine itaishika prosesa kwa milisekunde kadhaa, akiba ile hukauka na mkwaruzo husikika. Niliendesha programu ya LatencyMon, ambayo huonyesha ni draiva ipi inayochelewesha nyingine, na iliyoongoza ilikuwa ya Wi-Fi. Nilipoizima Wi-Fi, mikwaruzo mingi iliondoka saa ileile. Nilipoweka draiva mpya niliweza kuiwasha tena bila ya madhara. Mpangilio wa umeme wa Windows nao niliuhamisha kutoka kwenye kubana matumizi, na king'amuzi nikakitoa kwenye kigawanyio cha USB nikakichomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta.

Lilibaki kosa moja lililonisumbua zaidi, kwani lilijitokeza baada ya saa nzima au zaidi ya kutazama: sauti iliruka kama sindano ya santuri, kisha ikatulia. Filamu iliyohifadhiwa kwenye diski haikuwa na tatizo hilo, na sababu yake inafaa kueleweka. Kompyuta huisoma filamu kwa mwendo wake yenyewe, lakini matangazo ya moja kwa moja yanakwenda kwa saa ya kituo cha kurushia, wakati kadi ya sauti inakwenda kwa saa yake, na saa mbili hazilingani kikamilifu. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni hufikia sekunde 0.18 kwa saa moja, na programu isiyojua kuirekebisha polepole hatimaye huruka. Programu iliyokuja na king'amuzi haikujua. Niliweka nyingine, nikaongeza akiba yake kutoka milisekunde 300 hadi 1,000, na kadi ya sauti, iliyokuwa imewekwa kwenye sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, nikaipeleka kwenye 48,000 kama sauti ya matangazo, ili kompyuta isiibadilishe bila ya sababu. Gharama yake ni kwamba ukibadilisha stesheni unangoja kidogo zaidi.

Kwa hiyo kifaa chenyewe nakisifu: kinapokea vizuri, na kwa bei ile sijutii. Kinapata moto kikitumika muda mrefu, jambo ambalo nimelipunguza kwa kukiacha mahali penye hewa. Nakipa nyota nne kati ya tano; ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile programu yake na kijitabu kinachompeleka mnunuzi juu ya paa wakati ubovu uko mezani.

Ijumaa iliyopita mama alisikiliza taarabu tangu baada ya Isha mpaka mwisho wa kipindi, na ganuni ililia mpaka ikafifia yenyewe.