Virutubisho vya kushusha sukari: kipi ununue, kipi ukiache

Kabla ya kutoa hela, elewa kwamba hakuna kirutubisho kinachochukua nafasi ya dawa za kisukari kama metformin au insulini. Hata kilicho bora hushusha sukari kidogo tu, na chama cha kisukari cha Marekani, ADA, hakipendekezi vitamini, madini wala mitishamba kwa kazi hiyo. Ukiamua kununua, mimi navipanga kwa ushahidi wa faida na kwa madhara yanayoweza kukupata.

Ninachokiweka juu ni maganda ya siliamu, wengine huyaita isabgol. Nyuzinyuzi zake huvimba na kuwa ute mzito tumboni, kwa hiyo sukari ya chakula huingia kwenye damu polepole. Pia hupunguza kolesteroli mbaya. Gramu 10 hivi kwa siku zinatosha, ukizigawa kabla ya milo, lakini anza na kijiko kidogo kimoja, maana gesi na tumbo kujaa ndivyo huwafanya wengi waache mapema. Koroga kwenye glasi kubwa ya maji na unywe papo hapo. Ukiichelewesha inaganda, na ukiinywa na maji machache inaweza kukukwama kooni. Mwenye shida ya kumeza, au ambaye utumbo wake umewahi kuziba, asiitumie. Dawa zako nyingine zipishane nayo kwa saa mbili hivi.

Ya pili ni magnesiamu, kwa mwenye upungufu tu. Upungufu huo huwapata sana watu ambao sukari yao imekaa juu muda mrefu, kwani madini haya hutoka na mkojo, na waliotumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa miaka. Hapa soma lebo kwa makini: miligramu 500 za oksidi ya magnesiamu zina magnesiamu yenyewe kama miligramu 300 tu, na aina hiyo hufyonzwa vibaya na huharisha. Sitreti ya magnesiamu ni afadhali. Usizidishe miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye vidonge bila daktari, na mwenye figo dhaifu asijipe mwenyewe kabisa.

Berberini, kemikali inayotoka kwenye mimea, ina nguvu kuliko hizo mbili, na ndiyo maana nimeishusha hadi ya tatu. Tafiti nyingi zimetumia miligramu 500 mara mbili au tatu kwa siku pamoja na chakula, na sukari ikashuka. Lakini huvuruga tumbo, na huingilia jinsi ini linavyochakata dawa nyingi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mchanga wasiikaribie: inaweza kuzidisha umanjano wa mtoto (ngozi na macho kuwa ya njano) hadi ubongo wake udhurike.

Uwatu na karela vina dalili za kusaidia, ila vipimo vyake hutofautiana mno kati ya kopo na kopo. Ukivitumia pamoja na insulini au glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) ni hatari. Wajawazito waviepuke, na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, asitumie karela.

Vidonge vya mdalasini sivipendekezi. Matokeo ya tafiti yanapingana, na mdalasini aina ya kasia una kumarini nyingi, inayoweza kuumiza ini ukitumia kwa wingi kila siku. Kromiamu nayo iache dukani.

Anayetumia metformin kwa miaka, akihisi ganzi miguuni, apimwe vitamini B12. Haishushi sukari, lakini metformin huipunguza mwilini, na ganzi hiyo hudhaniwa kuwa ni ya kisukari chenyewe.

Ninachokiogopa zaidi ni kopo linalojiita la asili na linaloahidi kuponya kisukari. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imekuta ndani ya bidhaa za namna hiyo dawa halisi za kisukari zilizofichwa. Sukari ikianguka ghafla kwa siku chache, usishangilie. Acha kuitumia na umpelekee daktari kopo lenyewe. Kataa pia lebo inayotaja uzito wa mchanganyiko mzima bila kiasi cha kila kiambato.

Pima HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi 2 hadi 3, kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi 3. Isiposhuka, usinunue kopo la pili.