Kozi ya ufundi ya likizo kwa watoto wa sekondari: umeme lipia, welding subiri kwanza

Wazazi wenzangu wa Dar mnaotafuta pa kumpeleka mtoto likizo asishinde na simu kutwa nzima, someni hii kabla hamjatoa hela. Binti yangu yuko Form Three, likizo ya Juni nilimpeleka chuo kimoja binafsi cha ufundi huku Temeke, jina naliacha maana kuna mambo nayalalamikia hapa chini na ofisini kwao nishayafikisha. Wana kozi ya utangulizi kwa wanafunzi wa sekondari, mwezi mmoja, wiki ya kwanza mtoto anapitishwa fani zote nne yaani umeme wa majumbani, ushonaji, kompyuta na uchomeleaji, halafu anachagua moja anakomaa nayo mpaka mwisho. Binti alichagua umeme, mpwa wangu waliyeenda naye akachagua welding, kwa hiyo nimeona pande zote mbili.

Niseme kwanza hili maana linanikera sana. Watu kibao waliniuliza mtoto mwenyewe darasani yuko vizuri sasa ufundi wa nini, mpeleke tuisheni. Jamani hii habari ya kwamba ufundi ni wa waliofeli tumeibeba mpaka lini? Zamani tulikuwa na shule za ufundi, Ifunda, Tanga, Moshi, Mtwara, Bwiru, Musoma, Iyunga, na hazikuwa za waliofeli, wametoka huko mainjinia wa maana. Na sasa hivi sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 imerudisha kitu hicho hicho kwa jina la mkondo wa amali, baadhi ya shule zikaanza nao Form One mwaka 2024. Binti yangu alishapita hapo, mtoto akiukosa ufundi shuleni ndo unamtafutia nje, hakuna namna nyingine.

Haya tuje kwenye umeme. Mwalimu wa umeme ni mtu mzima, fundi wa miaka mingi, na kitu nilichompendea ni kwamba haandikishi notisi. Kila watoto wawili wana ubao wao wa mbao umefungwa swichi, soketi, holda na boksi ndogo ya sakiti breka, wanapewa waya, praizi, bisibisi na testa, wanafunga, anakagua, wanafungua, wanaanza upya. Mwezi mzima hivyo hivyo. Waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa, 2.5 wa soketi, jiko na hita ya kuogea zinataka mnene zaidi, na anaeleza kwa nini, siyo kariri tu. Rangi pia, waya za zamani nyekundu ndo moto, yaani unaoleta umeme, na nyeusi nyutro, unaourudisha, siku hizi kahawia ni moto na bluu nyutro, kijani yenye njano ni erthi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini ukivuja, na nyumba nyingi zetu zina mchanganyiko wa zote kwa hiyo mtoto anafundishwa asiamini rangi, apime.

Kuna siku nilienda mapema kumchukua nikakaa nyuma ya darasa. Vijana wawili walikuwa wamemaliza ubao wao, wanabonyeza swichi taa inawaka, wanabonyeza inazima, wanafurahi. Mwalimu akaja akazima swichi, akatoa balbu, akaingiza testa kwenye holda. Testa ikawaka! Walikuwa wamekatisha nyutro kwenye swichi badala ya kukatisha moto. Akawaambia taa yenu inafanya kazi kabisa na mwenye nyumba atawalipa na kuwashukuru, halafu siku mama anapanda kwenye kiti kubadilisha balbu ameshazima swichi anajua yuko salama, anashika pale. Akawafungulisha ubao wote wakaanza upya. Mimi nilikaa pale nawaza nyumba ngapi mtaani kwetu zimefungwa hivyo, maana kwa macho huwezi kujua, taa zinawaka na kuzima kama kawaida.

Na kweli, jioni moja binti alikuja na testa ya chuo akaniambia mama holda ya koridoni ina moto hata swichi ikizimwa. Nikamkataza asiguse kitu, nikaita fundi mwenye leseni ya EWURA akarekebisha. Hilo pia wazazi tuelewane, kozi ya mwezi haimfanyi mtoto kuwa fundi wa kufunga nyumba, ukitaka TANESCO wakuunganishie umeme lazima waya ziwe zimefungwa na mkandarasi mwenye leseni, mtoto hapa anapata msingi na anajua kutambua kazi mbovu. Kwangu hiyo inatosha sana.

Faida nyingine sikuitegemea, fizikia. Ile P sawa na VI, yaani wati ni volti mara ampea, aliyokuwa anaikariri shuleni sasa anaitumia nyumbani, anachukua birika imeandikwa wati 2000, anagawa kwa volti 230 anasema mama hii inavuta karibu ampea 9, usiichomeke na pasi kwenye ekstenshen moja nyembamba hivi. Ameshatuhesabia na LUKU, birika hiyo ikichemka jumla ya nusu saa kwa siku ni uniti moja imeondoka. Nyumba nzima sasa tunajua hela inaenda wapi, baba yake ndo kabisa kawa mkali.

Ushonaji sikuukaa nao sana ila watoto waliouchagua walitoka na sketi za shule walizozikata na kuzishona wenyewe, cherehani zilikuwa zinatosha kila mtoto na yake, mwalimu mama mpole anayerudia bila kuchoka. Hapo sina neno.

Kompyuta hapana. Watoto watatu mashine moja, mmoja anashika mausi wawili wanaangalia, mwezi mzima ni kuandika barua na kupaka rangi jedwali. Kama mtoto wako ana kompyuta shuleni au hata nyumbani kwa mjomba, hayo atayajua bila kulipa laki na nusu.

Sasa welding, na hapa naongea kwa uchungu. Mwalimu anajua kazi, hilo halina ubishi, mpwa wangu katoka na stuli ya chuma imesimama wima haichezi. Tatizo ni vifaa vya kujikinga. Vinyago vya uso vilikuwa vichache kuliko watoto, kwa hiyo anayechomelea amevaa, waliomzunguka wanaojifunza kwa kuangalia wanatazama cheche kwa macho makavu au wanajikinga na kiganja. Mpwa wangu alirudi mchana mzima hana shida, usiku akaamka analia macho yanachoma kama yana mchanga, machozi yanatiririka hawezi kuangalia taa. Ndivyo ule mwanga unavyofanya, haukuumizi palepale, unasubiri masaa kadhaa, ndo maana watoto hawaogopi. Tulimpeleka hospitali akapewa dawa akapona, ila mtoto wa miaka 16 hakutakiwa kupitia hapo. Nilienda ofisini kesho yake, wakakubali wakasema wataagiza vingine, mpaka kozi inaisha vilikuwa vilevile. Glavu za ngozi zilikuwepo. Wengine walikuja na kandambili na hakuna aliyewarudisha nyumbani, cheche ikidondokea kidole cha mguu je?

Kitu kingine ni cheti. Wakati wa kuandikisha dada wa mapokezi anaongea kana kwamba cheti ni sawa na cha VETA. Siyo. VETA wana ngazi zao, kuna mitihani na kozi inaenda muda mrefu, hiki ni cheti cha kuhudhuria tu. Mimi sikukifuata cheti kwa hiyo sikuumia, lakini kuna mzazi alikuwa anadhani kijana wake ataenda kuombea nacho kazi, wangemwambia ukweli mapema.

Kwa hiyo kabla hujalipa popote, hapa au kwingine, usiishie ofisini kwenye fomu na picha za ukutani. Omba uingie karakana siku watoto wako kazini, angalia wangapi wameshika vifaa na wangapi wamesimama wanatazama, hesabu vinyago, angalia miguuni wamevaa nini. Uliza mwalimu mwenyewe kama mtoto akimaliza kufunga anafungua na kurudia au ni mara moja basi.

Umeme nawapa nyota tano, ushonaji nne, kompyuta mbili. Welding siwapi mpaka waongeze vinyago. Desemba mdogo wake binti anamaliza Form Two, nishamwekea nafasi umeme, na mwalimu kaniambia safari hii wataongeza somo la kufunga erthi kwenye nyumba za zamani, ndo lile ambalo mafundi wengi wanaliruka.