Uzoefu wangu na trela la ekseli mbili la kilo 3,175

Trela ninalolieleza ni la bodi wazi, lenye ekseli mbili za pauni 3,500 kila moja (karibu kilo 1,588), springi za bapa, rimu za inchi 15 na breki za umeme kwenye magurudumu yote manne. Kibati cha kiwandani kinaonyesha uzito wa juu wa kilo 3,175, na wauzaji hupenda kusema "linabeba tani tatu". Halibebi. Hizo kilo 3,175 ni trela na mzigo kwa pamoja. Kibati kinadai trela tupu lina kilo 860. Mizani ilisoma 940, kwa sababu kiwandani hawakuhesabu tairi la akiba, jeki, minyororo na ngazi za kupandishia. Mzigo unabakiwa na kilo 2,235, na hapo gari la kukokotea bado halijaulizwa.

Gari nalo lina namba zake. Chuma cha kuvutia kilichofungwa nyuma kikiwa cha kilo 2,268, basi trela hili litabeba kilo 1,328 tu, hata ekseli ziwe imara namna gani. Angalia ekseli, matairi, rimu, kikombe cha kuungia (sehemu ya trela inayokaa juu ya tufe), tufe la kuvutia, chuma cha nyuma na gari lenyewe, kisha ufuate namba iliyo ndogo kuliko zote. Kufunga ekseli nene zaidi hakuongezi uwezo ikiwa fremu na vingine vimebaki vilevile.

Kasoro ya kwanza ni matairi. Lilikuja na ST205/75R15 ya daraja C (herufi hiyo ni kiwango cha uwezo wa kubeba), yanayobeba kilo 825 kila moja kwa upepo wa psi 50. Manne ni kilo 3,300, kwa hiyo akiba juu ya kibati ni kilo 125 tu. Psi zikipungua, akiba hiyo imekwisha: ukuta wa tairi unajikunja, unapata joto, tabaka zinaachana. Nimeweka daraja D, kilo 975 kwa psi 65, baada ya kuhakikisha kwamba rimu nazo zinaruhusu psi 65. Wengi husahau rimu. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, na ujazwe hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Springi zimenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Katikati ya ekseli mbili kuna kisawazishi, kipande cha chuma kinachocheza juu na chini na kugawa uzito, hivyo gurudumu moja likipanda tuta ekseli ile haibebeshwi kila kitu. Ekseli mbili za mpira (zenye mpira ndani badala ya springi), ambazo kila moja inajitegemea, hazina msaada huo. Zikikokotwa trela likiwa limeinua pua, ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya haki yake. Hata hivyo hata hili la springi nalikokota likiwa sambamba na ardhi, na nilibadilisha kishikio cha tufe ili kupata kimo hicho. Ninacholalamikia ni bushi za nailoni kwenye kisawazishi, zinazoliwa upesi na kuacha bolti zikisaga chuma. Bushi za shaba nyeusi zenye bolti za kupitishia grisi zilipaswa kuwemo tangu kiwandani.

Sasa tufe. Kwa trela la aina hii, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa kuelemea tufe. Ikipungua, trela huanza kupepesuka mkia kadiri mwendo unavyoongezeka; ikizidi, nyuma ya gari huchuchumaa na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Kupima kwenye mizani ya magari ni rahisi. Pima gari peke yake: 2,310. Pima gari na trela pamoja: 4,790, kwa hiyo trela ni 2,480. Kisha, bila kulifungua, weka magurudumu ya trela peke yake juu ya mizani: 2,190. Tofauti ya kilo 290 imelala kwenye tufe, karibu asilimia 12. Hizo 290 zinahesabiwa pia ndani ya mzigo wa gari, pamoja na abiria na mizigo ya buti. Magari mengi ya Ulaya yanaruhusu kilo 75 au 100 tu kwenye tufe. Kwa gari la namna hiyo trela hili halifai, na usijaribu kuhamishia mzigo nyuma ili "kulipunguzia": hapo ndipo mkia unapoanza kucheza.

Trela likianza kupepesuka, usikanyage breki ya gari. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, bonyeza breki za trela peke yake kwa mkono kwenye kidhibiti chake kilicho karibu na dereva.

Breki zenyewe ni nzuri zikipata umeme wa kutosha. Sumaku za breki za inchi 10 hula takriban ampea 3 kila moja, kwa hiyo nne ni karibu 12. Ampea mita ikisoma 8 au 9 wakati kidhibiti kiko juu kabisa, tafuta kiungo chenye kutu au waya mwembamba wa hasi. Hasi ipite kwenye waya wake, isitegemee tufe. Waya wa dharura unaofunga breki trela likichomoka ufungwe kwenye fremu ya gari, mbali na minyororo ya usalama. Ili kuujaribu, chomoa pini ya waya huo, hakikisha magurudumu yamekaza, irudishe mara moja kabla betri ya trela haijaisha.

Beringi: grisi mpya kila miezi 12 au kilometa 19,000. Kaza nati ya katikati hadi niutoni-mita 68 huku ukizungusha habu, ilegeze kabisa, ikaze tena kwa vidole, kisha weka pini. Anayekaza kwa nguvu na kuiacha hivyo ataunguza beringi. Usishindilie grisi kwa bomba kupitia kifuniko, maana ikizidi hupenya oili sili na kulowesha breki, na bitana ya breki iliyoshika grisi haifutiki, inabadilishwa.

Nati za magurudumu, zenye bolti za nusu inchi, zikazwe kwa mpango wa nyota hadi niutoni-mita 122 hadi 163, kisha zikaguliwe tena baada ya kilometa 16, 40 na 80 kila gurudumu linapofunguliwa.

Trela hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya matairi na zile bushi.