Kozi ya uchoraji kwa mwalimu mwenye uoni hafifu, nyota nne kati ya tano

Nimemaliza kozi ya rangi za mafuta kwa huyu mwalimu na naona watu wengi wanauliza swali lilelile, kama macho yake ni mabovu anasahihishaje kazi ya mtu? Anaiona jamani, ila kipande kipande. Ana retinitisi pigmentosa, ule ugonjwa unaokula uoni kuanzia pembeni mpaka unabaki kama unachungulia kwenye bomba, kwa hiyo turubai yako ataisogelea aipitie kona moja hadi nyingine halafu anarudi nyuma hatua kadhaa, maana akikaa mbali picha nzima inaingia kwenye kale kauoni kalikobaki, na akishamaliza hapo anakwambia vitu ambavyo darasa zima tumevipita juu juu.

Kwa kweli ufundishaji wake ndo uliofanya niipende kozi. Hakubali jibu la "hapa" au "pale". Kiwiko cha huyo mtu kiko juu ya kitovu au chini? Kivuli kinaanzia wapi, kinakufa wapi? Lazima useme kwa mdomo, na ukikosa maneno ujue bado hujaangalia, rudi ukaangalie.

Yeye alianza zamani akiwa anaona vizuri, alikuwa anachora picha za vitabu vya watoto. Usiku ukaanza kumsumbua kwanza, halafu pembeni kukafungika, kazi ya mistari myembamba ya kuwahisha ikawa haiwezekani tena ndo akahamia kwenye turubai na kufundisha. Mtu anayemtaja sana ni Sargy Mann wa Uingereza, naye alikuwa mchoraji na mwalimu wa sanaa, macho yakamwisha taratibu miaka mingi mpaka 2005 akawa haoni kabisa na bado akaendelea kuchora hadi alipofariki 2015, alikuwa anabandika vibonge vya Blu Tack, ile gundi laini inayofinyangika ya kubandikia karatasi ukutani, kwenye turubai ili vidole vijue kitu kipo wapi. Hiyo tumeifanya darasani. Pia mistari ya rangi iliyoinuka unayoipapasa, kama anavyofanya mchoraji John Bramblitt wa Marekani aliyepoteza uoni 2001. Halafu nidhamu ya meza, yaani kila tyubu ina nafasi yake na ukiihamisha utasikia, na mimi naona ana haki kabisa, kwake nyekundu iliyokaa sehemu ya bluu ni kazi iliyoharibika.

Nyota moja nimeikata kwa waandaaji, yeye hahusiki. Darasa wamelijaza mno, mwalimu anayepitia kazi kwa utaratibu ule anahitaji muda na wa mwisho tulikuwa tunaguswa juu juu tu. Na ratiba wanaituma kama picha, programu ya kusoma skrini haiwezi kuisoma, kwenye kozi ya mwalimu mwenye uoni hafifu ambayo wanafunzi wasioona wanaitamani! Hili limeniuma sana, andikeni maandishi ya kawaida basi.

Kama unataka kunakili picha kutoka kwenye simu nenda kwingine, hapa simu haitumiki. Kama una uoni hafifu mwambie mapema akupangie kiti karibu na dirisha na karatasi nyeusi na chaki nyeupe za kuanzia, anazo. Awamu ijayo ni ya udongo, mimi nimeshajiandikisha.