Saa Janja Yenye Laini Yake: Nyongeza Hii Inafaa Kuilipia?

Saa janja ileile huuzwa kwa sura mbili: moja ya Bluetooth na Wi-Fi tu, nyingine yenye modemu ya 4G, yaani kifaa cha ndani cha kuwasiliana na mtandao wa simu, na laini yake. Ya pili ina bei ya juu, na juu ya bei kuna ada ya laini isiyokoma. Unachonunua hapo ni kuiacha simu nyumbani kwa muda mfupi, ukiwa mazoezini, bwawani au dukani, na bado ukapatikana. Kwa kazi hiyo inafaa, tena sana. Anayeitaka ili aachane na simu moja kwa moja atajuta, maana saa inayoitwa ya kujitegemea bado inaegemea vitu vingi.

Cha kwanza ni betri. Pixel Watch ya kwanza ya Google ina mAh 294 (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), Galaxy Watch4 ya Samsung ya milimita 40 ina 247. Simu za siku hizi nyingi zina kati ya 4,000 na 5,000. Lakini mnara wa kufikiwa ni uleule. Isitoshe, antena ya saa imebanwa ndani ya kasha dogo lililolalia ngozi, na mwili wa binadamu, kwa wingi wa maji uliyo nayo, hunyonya mawimbi. Simu hupokea kwa antena mbili au zaidi, ilhali saa nyingi zina moja tu. Ndiyo maana mahali simu inashika vizuri, saa inaweza kusuasua. Na inaposuasua ndipo inapokula chaji zaidi, kwa sababu modemu hulazimika kurusha kwa nguvu kubwa ili isikike mnarani. Ukiona siku moja betri imeshuka kwa kasi isiyo ya kawaida, usikimbilie kulaumu programu. Angalia kwanza kama ulikuwa ndani ya jengo la zege au bondeni ambako mtandao ni hafifu.

Takwimu za watengenezaji nazo zinahitaji kusomwa maandishi madogo. Apple ilitangaza kwamba Apple Watch Series 6 inakaa na chaji saa 18. Katika kipimo hicho cha toleo lenye laini, saa 4 tu ndizo za 4G, na katika 14 zilizobaki kifaa kimeunganishwa na iPhone kwa Bluetooth. Kwa maongezi hali ni ngumu zaidi: Series 3 iliahidiwa saa 3 za kuongea ikipitia simu, na saa 1 tu ikitumia laini yake. Matoleo ya baadaye yameongeza kidogo. Kuongea na kusikiliza muziki moja kwa moja kutoka intaneti ndiko kunakomaliza betri upesi kuliko yote. Muziki upakue kwenye saa mapema ukiwa kwenye Wi-Fi, saa ikiwa kwenye chaja, na mazoezi ya asubuhi hayatakugharimu jioni.

Ili kuokoa chaji, saa hizi hufuata mpangilio: zikiiona simu hupita Bluetooth, zikiikosa hutafuta Wi-Fi zinayoifahamu, na zikikosa vyote viwili ndipo huwasha 4G. Kwenye Galaxy Watch, sehemu ya miunganisho ina mipangilio ya mtandao wa simu. Iache kwenye hali ya kujiendesha, kwani ukichagua 4G iwake muda wote utachaji mara nyingi zaidi. Mpangilio huu una udhaifu wake unaojulikana. Saa ikijiunga na Wi-Fi ya hoteli au mgahawa inayotaka ukubali masharti kwenye ukurasa wa kuingilia, inabaki imening'inia: Wi-Fi imeshika, intaneti hakuna, na 4G haiwaki. Series 3 ilipotoka mwaka 2017 ilikumbwa na tatizo la namna hiyo hadi Apple ikatoa watchOS 4.0.1, toleo jipya la mfumo unaoendesha saa zake. Dawa ya haraka kwa saa yoyote ni kuzima Wi-Fi ya saa yenyewe, au kuuondoa mtandao huo kwenye orodha ya simu ili saa isiurithi.

Kuipima saa mpya ni rahisi, lakini wengi hukosea kwa kuizima simu kabisa. Simu iache ikiwa imewashwa na ina mtandao. Zima Bluetooth kupitia mipangilio ya simu, kisha zima Wi-Fi ya saa, usubiri dakika moja au mbili. Kwenye Apple Watch alama ya mtandao wa simu ikigeuka kijani, saa iko kwenye laini yake; ikiwa nyeupe, laini ipo lakini saa bado inapitia simu. Piga, pigiwa, tuma ujumbe, fungua ramani. Kama kuna kitu kitakachogoma, kitagoma hapo.

Kwa nini simu isizimwe? Hapa ndipo neno kujitegemea linapopungukiwa. Apple yenyewe inaeleza kwamba SMS za kawaida na arifa za programu za watu wengine hufika kwenye saa ikiwa tu iPhone imewashwa na ina intaneti, popote ilipo. iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple yenyewe, hupita moja kwa moja. Kwa hiyo simu ikiishiwa chaji nyumbani, ukimya wa saa si dalili kwamba hakuna aliyekutafuta. Upande wa Wear OS, mfumo wa Google unaoendesha saa kama Galaxy Watch na Pixel Watch, tangu 2023 kuna WhatsApp inayofanya kazi bila simu kuwa karibu, na kwa watumiaji wengi hiyo pekee ina thamani kuliko nusu ya vipengele vinavyotangazwa kwenye boksi.

Kampuni ya simu ndiyo inayoamua zaidi ya mtengenezaji, na ndiyo isiyoulizwa. Saa hutumia eSIM, yaani laini iliyojengwa ndani badala ya kadi ya kuchomeka. Saa ina namba ya EID inayotambulisha eSIM, yenye tarakimu 32, na IMEI inayotambulisha saa yenyewe, yenye tarakimu 15, na kampuni huunganisha laini kwa kutumia hizo au kwa msimbo wa QR. Ili saa na simu zitumie namba moja, kampuni lazima iwe na mfumo maalumu wa huduma hiyo. Kuuza eSIM za simu hakutoshi. Kabla ya kulipa, uliza mambo haya: toleo hili la saa limo kwenye orodha yenu? Namba itakuwa ileile ya simu, au mpya? Huduma ipo kwa wateja wa malipo ya kabla, au ni ya wenye mkataba tu? Sauti inapita kwenye 4G? Swali la mwisho lina uzito mahali 3G inapozimwa, kwani saa isiyoweza kupiga kwa 4G inaweza kubaki na data bila maongezi. Saa za 3G tupu hazina hata hiyo nafasi: Gear S2 Classic ya 3G ya Samsung, iliyoleta eSIM kwenye saa mapema sana mwaka 2016, haina 4G ya kukimbilia pale 3G ilipokwisha kufungwa.

Kisha linganisha masafa. Matoleo ya nchi tofauti hubeba bendi, yaani mafungu ya masafa, tofauti, na saa iliyoagizwa nje kwa bei nzuri inaweza kukosa bendi ya chini, kama ya MHz 700 au 800, ambayo ndiyo hupenya ndani ya majengo. Dalili yake ni saa kushika barabarani na kukata ukiingia ndani. Hakuna mpangilio unaorekebisha hilo.

Kwa mwenye iPhone, Apple Watch ndiyo inayobadilisha mitandao kwa utulivu zaidi, na haina mshindani kwa sababu nyingine hazikaribishwi. Kuanzia Series 5, zile zenye laini zinaweza kupiga simu za dharura katika nchi nyingi hata kama hujalipia kifurushi, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwa Android, Galaxy Watch na Pixel Watch zinatosha. Garmin Forerunner 945 LTE ya 2021 iepuke kama unataka kuongea: laini yake ni ya usalama na kufuatiliwa mahali ulipo, haipigi simu za kawaida. Kwa mkimbiaji wa peke yake porini hilo ni sawa kabisa, ila jina lake limepotosha wengi.

Mwaka 2025 Apple Watch Series 11, SE 3 na Ultra 3 zilikuja na 5G ya aina ya RedCap, iliyobuniwa kwa vifaa vidogo: antena moja ya kupokea inaruhusiwa, na upana wa masafa hauzidi MHz 20 kwenye bendi za kawaida. Usitarajie kasi ya 5G ya simu. Saa ya 4G inayofanya kazi vizuri usiibadilishe kwa sababu hiyo.

Saa za watoto ni ulimwengu mwingine, nazo nyingi hutumia laini ya kawaida ya kuchomeka. Ichomeke saa ikiwa imezimwa, na PIN ya laini iondolewe kwanza kwenye simu. Zinazotumia SeTracker, programu ya simu ya kufuatilia saa za watoto, zikikataa kuonekana humo, tuma kwenye namba ya saa SMS hii: pw,123456,ts#. Itajibu kwa kutaja IMEI, seva, betri na hali ya data. Data ikiwa haijawaka, karibu kila mara kosa liko kwenye APN, yaani mipangilio ya intaneti ya kampuni ya simu. Hiyo 123456 ni namba ya siri ya kiwandani, na asiyeibadilisha amemwachia yeyote anayeijua namba ya mtoto uwezo wa kuiamuru saa. Ujerumani ilipiga marufuku mwaka 2017 saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza mazingira kwa siri, na baadhi ya zinazouzwa mtandaoni bado zinautangaza kama sifa.

Ukinunua iliyotumika, mwenye nayo wa kwanza aitoe kwenye akaunti yake na aifute eSIM mbele yako. Ukihama simu wewe mwenyewe, saa itakuuliza kama ibakize kifurushi au ikifute: kibakize, kwa kuwa msimbo wa QR wa mwanzo mara nyingi hautumiki mara ya pili, na mpya hutolewa na kampuni ya simu tu.