MRI ya mwanangu hapa Mwanza: kipimo nakisifu, mapokezi siwasamehe

Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na dada wa mapokezi wa kituo kimoja hapa Mwanza, aliyenitazama nimembeba mwanangu akasema, "Mama, hiyo picha haimponyi, mnajisumbua tu."

Mwanangu ni mlegevu tangu kuzaliwa. Macho yanachezacheza, anahema mbiombio, kisha pumzi inasita. Kwetu Ukerewe nimeambiwa degedege, nimeambiwa mtoto kachezewa. Daktari wa watoto ndiye aliyesema tuache kubahatisha, apigwe MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, kwa kuwa siti skani ina mionzi na sehemu ya nyuma ya ubongo haiioni vizuri.

Siku ya kipimo nikaambiwa asinyonye tangu usiku, maana atapewa dawa ya usingizi. Tumefika mapema, mara mtandao unasumbua, namba ya malipo haitoki. Jua likapanda hadi utosini, mtoto analia sauti imekauka, maziwa yananilowesha gauni. Nauliza kwa adabu kama nimnyonyeshe, yule dada hanyanyui hata macho kwenye simu yake. Baadaye daktari wa usingizi, Mungu ambariki, akaniambia maziwa ya mama yanatakiwa yakatwe masaa manne tu kabla ya dawa. Masaa manne! Kumbe mwanangu angenyonya asubuhi vizuri tu.

Kipimo chenyewe kilifanywa kwa makini. Walikuwa makini kuangalia pumzi yake, maana watoto wa hali hii dawa ya usingizi huwazidi nguvu. Na picha ikasema: shina la ubongo lina umbo la jino la gego, alama ya ugonjwa wa Joubert, uliopewa jina la Marie Joubert, daktari wa Kanada aliyeueleza mwaka 1969. Ni wa kurithi, hakuna aliyemchezea mtu. Tiba ya kuuondoa hakuna, kweli. Lakini ugonjwa huu unaweza kushika figo, ini na macho, kwa hiyo sasa figo zake zinafuatiliwa na mazoezi ya viungo ameanza. Yote hayo yametokana na picha "isiyomponya"!

Nilitaka kuandika nendeni. Nikikumbuka kile kilio nasema hapana, msiende. Ila mwenye mtoto kama wangu aende wapi? Basi nendeni, lakini kabla hujamnyima mwanao ziwa, hakikisha umeongea na daktari wa usingizi mwenyewe, akutajie saa. Yule dada nimemwandikia barua kwa mkuu wake. Mpaka leo sijajibiwa.