Ziara ya miguu Nicosia na waongozaji wawili: nyota 4 kati ya 5

Ukifika Kupro na una nusu siku tu ya kuuona mji wa Nicosia, uliogawanyika kati ya Wakupro Wagiriki kusini na Wakupro Waturuki kaskazini, tafuta ziara inayoongozwa na watu wawili, Mkupro Mgiriki na Mkupro Mturuki. Niliyoichukua mimi ni euro 30, na sikujutia.

Tulianzia mtaa wa Ledra. Kivuko chake cha miguu kati ya pande hizo mbili kilifunguliwa Aprili 2008: unaonyesha pasi kwa polisi wa kusini, unapita katikati ya majengo matupu, unaionyesha tena kaskazini. Foleni haikuwa ndefu.

Utamu wote uko kwenye usimulizi. Mmoja akizungumza, mwingine hamkatizi. Mgeni aliuliza ugomvi ulianza lini. Bwana wa Kigiriki akaanzia Julai 1974, jeshi la Uturuki liliposhuka na wazazi wake wakaukimbia mji wao wa Kyrenia, kaskazini, wakidhani watarudi baada ya wiki. Dada wa Kituruki alimsubiri amalize, kisha akaturudisha nyuma hadi Desemba 1963, damu ilipomwagika humu humu mjini na watu wake wengi wakaja kuishi miaka wakiwa wamebanwa kwenye mitaa yao. Hakusema mwenzake kakosea. Alianzia mapema tu.

Kwenye kura ya maoni ya 2004 ndipo sauti zilipopanda. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kukiunganisha kisiwa ulikubaliwa na Waturuki kwa asilimia 65, Wagiriki wakaukataa kwa asilimia 76. Bwana alieleza hofu ya askari wa Uturuki kubaki kisiwani, dada akajibu, "Sisi tulisema ndiyo, na bado tuko nje," yaani nje ya Umoja wa Ulaya. Msiwatulize, waacheni wabishane. Ziara nyingine zote nilizowahi kulipia zingekimbilia kutuonyesha msikiti.

Msikiti wa Selimiye, uliokuwa kanisa kuu hadi 1570, ni mzuri, sawa. Mimi nilivutiwa zaidi na habari za maji taka! Mwishoni mwa miaka ya 1970 mameya wa pande mbili, Lellos Demetriades na Mustafa Akıncı, walikubaliana mji utumie mfumo mmoja. Mpaka leo uchafu wa kusini unavuka kwenda kusafishwa Mia Milia, kaskazini, bila pasi. Waongozaji wote wawili walicheka hapo, na nadhani ndiyo mara pekee walipocheka pamoja.

Nyota niliyopunguza ni ya haraka. Kundi lilikuwa kubwa, wa nyuma hatusikii, na suala la waliopotea katika mapigano hayo, zaidi ya watu 2,000 wa pande zote mbili, lilipewa dakika chache tukiwa tumesimama juani. Kampuni ingeongeza saa moja na kupunguza watu.

Angalizo la viza: aliyeingia kisiwani kupitia uwanja wa ndege wa Ercan, ulioko kaskazini, anaweza kuzuiwa kuvuka kuja kusini, hivyo ulizia kabla hujalipa.